Beki Aliyejua Bei

Mwaka 1960 mwanasoka hodari kuliko wote Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Msimu ukiisha, katika miezi ya kiangazi, kima hicho kilishuka hadi pauni 17. Hii haikuwa choyo ya klabu moja. Ilikuwa kanuni ya ligi nzima, na klabu ikiwa na mkataba na mchezaji iliweza kumzuia asiondoke hata mkataba wenyewe ukiisha. Tom Finney, winga wa Preston ambaye wazee wengi wa kaskazini waliapa kwamba alimzidi Stanley Matthews, alikuwa fundi bomba, na ufundi huo aliuendeleza muda wote alipokuwa akiichezea timu ya taifa. Watu elfu hamsini wangemshangilia Jumamosi, kisha wiki ikianza akaonekana na mkoba wa spana akielekea kuziba bomba la mtu.

Ndani ya mfumo huo alikuwamo kijana mmoja, beki wa kushoto wa Blackburn Rovers, jina lake Dave Whelan. Alizaliwa Bradford tarehe 24 Novemba 1936 na kukulia Wigan, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya pamba katika Lancashire. Hakuwa nyota. Hakuwahi kuichezea timu ya taifa ya wakubwa, na mechi alizoichezea Blackburn katika ligi hazikufika mia. Lakini timu yake ilikuwa imerudi daraja la kwanza mwaka 1958, na miaka miwili baadaye ikatinga fainali ya Kombe la FA, siku ambayo kwa Mwingereza wa wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ubingwa wa ligi.

Fainali ilichezwa Wembley tarehe 7 Mei 1960, dhidi ya Wolverhampton Wanderers. Wolves walikuwa wametoka kuukosa ubingwa wa ligi kwa pointi moja tu, nyuma ya Burnley, na walifika na hasira zao. Blackburn wao walifika na mgogoro: mshambuliaji wao Derek Dougan aliomba kuuzwa siku ileile ya fainali. Dakika ya 41 kiungo Mick McGrath akajifunga. Dakika mbili baadaye Whelan na winga wa Wolves, Norman Deeley, wakaukimbilia mpira mmoja, na Whelan akabaki chini, mguu umevunjika.

Sheria za siku hizo hazikujua mchezaji wa akiba. Ligi ya Uingereza ilikuja kuruhusu mabadiliko msimu wa 1965–66, na hata hapo ni mchezaji mmoja tu, tena akiwa ameumia. Blackburn wakamaliza kipindi cha kwanza na kucheza chote cha pili wakiwa kumi, na Deeley huyohuyo akafunga mabao mawili. Mechi ikaisha 3–0. Whelan hakuyaona hayo. Alikuwa njiani kupelekwa hospitali.

Waandishi wa michezo wa Uingereza wana utani kuhusu mguu huo. Inasemekana huwezi kuzungumza na Dave Whelan kwa dakika kumi bila kusikia kwamba alivunjika mguu katika fainali ya Kombe la FA. Ni kweli aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi mno, kwa kila aliyekuwa na kinasa sauti. Binafsi simlaumu. Mtu akipoteza kazi aliyoipenda mbele ya watazamaji karibu laki moja, ana haki ya kuisimulia hadi achoke mwenyewe.

Blackburn walimlipa fidia ya pauni 400. Hesabu yake ni rahisi: ni mshahara wa wiki ishirini kwa kima cha juu kabisa. Na hapa historia ikamchezea mchezo mbaya, kwani Januari 1961, miezi minane tu baada ya Wembley, chama cha wachezaji chini ya Jimmy Hill kilitishia mgomo na kanuni ya kima cha juu ikafutwa. Mwaka huohuo Johnny Haynes wa Fulham akawa mchezaji wa kwanza Uingereza kulipwa pauni 100 kwa wiki. Mlango ulifunguka, na Whelan yuko nje na magongo.

Alizipeleka pauni 400 sokoni. Alipata meza katika soko la Blackburn akaanza kuuza vitu vya kuogea na vya kunyolea, bidhaa ambazo kila nyumba inazihitaji na ambazo mtu hazifikirii sana anapozinunua, ila akiziona mahali zinauzwa senti kadhaa chini atahama duka. Huo ndio ulikuwa mtaji wake halisi: kujua kwamba mke wa mchimba makaa anakumbuka bei ya sabuni. Mpira hakuuacha mara moja. Mguu ulipopona alikwenda Crewe Alexandra, timu ya madaraja ya chini, akacheza zaidi ya mechi mia moja hadi 1966. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa alikuwa mchuuzi anayecheza mpira, au mchezaji anayechuuza, na kadiri miaka ilivyokwenda lile la kwanza likalizidi la pili.

Inafaa kueleza kwa nini miaka ile ilikuwa mizuri kwa mtu wa aina yake, maana hadithi za matajiri mara nyingi husimuliwa kana kwamba juhudi peke yake ndiyo iliyotosha. Kwa miongo mingi viwanda vya Uingereza vilikuwa na uwezo wa kisheria wa kumpangia mwenye duka bei ya kumuuzia mteja. Duka likithubutu kupunguza, kiwanda kiliacha kulipelekea bidhaa. Mwaka 1964, Edward Heath akiwa waziri wa biashara, Bunge likapitisha sheria iliyouvunja utaratibu huo kwa bidhaa karibu zote, dawa na vitabu vikiwa miongoni mwa vichache vilivyosalimika. Ghafla duka la bei nafuu likawa biashara halali mchana kweupe. Whelan, aliyekuwa amekwisha kujifunza sokoni jinsi ya kupata faida ndogo mara nyingi, alifungua maduka ya kujihudumia akayaita Whelan's Discount Stores. Neno la katikati katika jina hilo, yaani punguzo la bei, lilikuwa tangazo tosha. Yalienea Lancashire, si mengi, kama kumi hivi, na mwaka 1978 aliyauza kwa pauni milioni 1.5.

Mnunuzi alikuwa Ken Morrison wa Bradford. Baba yake, William, alianza na kibanda cha mayai na siagi katika soko la Bradford mwaka 1899, na mwana akaifanya supamaketi. Watu wawili wa sokoni walikaa mezani, mmoja akitaka kuingia Lancashire na mwingine akitaka kutoka. Kampuni ya Morrison iliendelea kukua hadi ikawa miongoni mwa supamaketi kubwa nne za Uingereza. Katika mauzo makubwa matatu ya maisha ya Whelan, haya ndiyo pekee ambayo pande zote mbili zilicheka.

Milioni moja na nusu mwaka 1978 zilitosha mtu kupumzika. Whelan alikuwa na umri wa miaka 41, na alikuwa na duka moja Wigan lililouza ndoano, nyuzi za kuvulia na vifaa vya michezo. Wenyewe wa zamani waliliita JJ Bradburn. Yeye akabakisha herufi tatu tu, JJB, akaongeza neno la michezo, JJB Sports, akaanza kufungua mengine.

Wakati nao ulimbeba. Miaka ya sabini kampuni ya Admiral ilianza kuuza jezi za timu ya taifa ya Uingereza na Leeds United kwa watoto, na klabu zikagundua kwamba nembo kifuani ni mali. Miaka ya themanini viatu vya raba viliacha kuwa vya uwanjani vikawa vya mtaani, na suti za michezo zikavaliwa na watu wasiokimbia hata kulikimbilia basi. Kisha mwaka 1992 ikaja Ligi Kuu na fedha za televisheni, na jezi ikawa nguo ya watu wazima: baba anaivaa sokoni, mwana anaivaa shuleni, na mwaka unaofuata klabu inatoa nyingine. Mchezaji aliyekuwa amelipwa kima kilichopangwa na ligi sasa alikuwa muuzaji mkubwa wa fulana zenye majina ya wachezaji wanaolipwa bila kima. JJB iliingia soko la hisa la London mwaka 1994. Mwaka 1998 ilimnunua mshindani wake mkubwa, kampuni ya Sports Division ya Mskoti Tom Hunter, kwa pauni milioni 290, na kuwa msururu mkubwa kuliko yote wa maduka ya michezo Uingereza.

Hapo ndipo jambo la bei linapogeuka. Mwaka 2000, mashindano ya Kombe la Ulaya yakiwa yanaanza, jezi ya mtu mzima ya timu ya taifa ya Uingereza, iliyotengenezwa na Umbro, iliuzwa pauni 39.99 karibu kila duka kubwa ulimoingia. Jezi ya Manchester United nayo ilikuwa na historia hiyohiyo. Kulikuwa na muuzaji mmoja aliyependa kushusha bei, Mike Ashley wa Sports Soccer, kampuni ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Sports Direct. Wengine hawakumpenda. Habari zikaifikia ofisi ya serikali inayosimamia ushindani wa kibiashara, wachunguzi wakapekua, na Agosti 2003 uamuzi ukatoka: Umbro, maduka kadhaa na Manchester United wenyewe walikuwa wamekubaliana bei kinyume cha sheria. JJB ilipigwa faini kubwa kuliko wote, zaidi ya pauni milioni 8. Ikakata rufaa, na mahakama ikaipunguza hadi pauni milioni 6.7 bila kuifuta hatia. Hata kampuni ya Ashley ilipigwa faini, ndogo, kwa kuwa nayo kwa muda ilikuwa imekubali kubanwa.

Sidhani kama kuna jambo katika maisha ya Whelan linalofundisha zaidi kuhusu biashara kuliko hili. Mchuuzi mdogo hupenda bei huru, maana ndiyo silaha yake ya pekee dhidi ya wakubwa. Akishakuwa mkubwa, bei huru inakuwa silaha ya mwingine. Whelan wa 1964 angemcheka Whelan wa 2000. Na walioumia hawakuwa wageni kwake: walikuwa wazazi wa Wigan na Blackburn, watu wa aina ileile waliopita mezani kwake wakitafuta sabuni ya senti pungufu. Chama cha watetezi wa walaji kiliifungulia JJB kesi kwa niaba ya mashabiki, na Januari 2008 kampuni ikakubali kumlipa pauni 20 kila aliyejiunga na madai hayo. Pauni ishirini, kima kilekile cha juu cha wiki cha mwaka 1960. Bila shaka ni sadfa tu, lakini mtu akishaiona ni vigumu kuisahau.

Kufikia siku hiyo mwenyewe hakuwapo. Juni 2007 Whelan na familia yake waliuza hisa zao katika JJB, asilimia 29, kwa pauni milioni 190. Wanunuzi walikuwa kampuni ya fedha ya Iceland iitwayo Exista pamoja na Chris Ronnie, mfanyabiashara aliyekabidhiwa ukurugenzi mkuu. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye benki kubwa za Iceland zilianguka zote, na Exista ikaanguka nazo. Ronnie aliondolewa mwaka 2009, na mwaka 2014 mahakama ya London ilimfunga miaka minne kwa udanganyifu alioufanya akiwa JJB. Kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kufa. Mwaka 2012 iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, watu zaidi ya 2,000 wakapoteza kazi, na maduka 20 yakanunuliwa na Sports Direct ya Mike Ashley.

Wengine husema Whelan alikuwa na bahati. Wengine husema alinusa. Mimi naona kwamba meza ya sokoni inafundisha kitu ambacho shule za biashara hukichelewesha: bidhaa nzuri si ya kupendwa, ni ya kuondoka. Kwa maduka ya vyakula na kwa JJB alikuwa hivyo, alishika na kuachia. Kwa jambo jingine hakuweza.

Jambo hilo lilikuwa Wigan Athletic. Klabu ilianzishwa mwaka 1932 katika mji ambao moyo wake uko kwa raga ya wachezaji 13. Mwulize mtu wa Wigan kuhusu timu, atakutajia ya raga kwanza. Wana soka walibisha hodi katika ligi ya taifa kwa miongo mingi na kufunguliwa mwaka 1978 tu, na Februari 1995, Whelan aliponunua klabu, ilikuwa daraja la nne, ikicheza katika uwanja uliochakaa wa Springfield Park mbele ya watu ambao kwa wastani hawakufika 2,000. Akatangaza kwamba ndani ya miaka kumi itakuwa Ligi Kuu. Watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Kiangazi kile waliwaleta vijana watatu kutoka Hispania, Jesús Seba, Isidro Díaz na Roberto Martínez. Daraja la nne la Uingereza lilikuwa la matope na viwiko. Wahispania ndani yake walikuwa kioja, na mashabiki waliwashangilia kwa sombrero, ingawa kofia hiyo ni ya Mexico. Wawili waliondoka. Martínez, kiungo mtaratibu kutoka mji mdogo wa Balaguer, alibaki hadi 2001, akajifunza lafudhi ya kaskazini na kujua mitaa ya Wigan kama mzaliwa.

Mwaka 1999 ukafunguliwa uwanja mpya wa watu 25,000, uliogharimu karibu pauni milioni 30. Ukaitwa JJB Stadium. Manchester United waliokuwa wametoka kutwaa mataji matatu walikuja kwa mechi ya kirafiki, na Alex Ferguson akaufungua rasmi. Uwanja ulikuwa mkubwa kuliko haja ya timu, na kwa miaka kadhaa viti vyake vitupu vilikuwa mzaha wa wapinzani. Kwa bahati timu ya raga iliingia humo pia, na yenyewe ilikuwa na watu. Whelan wakati huo alikuwa na mkono katika zote mbili.

Chini ya kocha Paul Jewell, Wigan walipanda mwaka 2003 wakiwa mabingwa wa daraja lao kwa pointi 100, na tarehe 8 Mei 2005 waliwafunga Reading 3–1 na kuingia Ligi Kuu. Miaka kumi na miezi mitatu tangu ahadi. Msimu wa kwanza walishika nafasi ya 10 na kufika fainali ya Kombe la Ligi, ambako Manchester United waliwapiga 4–0.

Hapa Afrika Mashariki ndipo tulipowajua. Katika vibanda vya kuonyeshea mpira, kuanzia Temeke hadi Eastleigh, Wigan ilikuwa timu ya Jumamosi ambayo hakuna aliyevaa jezi yake lakini kila mtu aliitazama, kwa sababu ya Antonio Valencia akipita pembeni, baadaye Victor Moses, Mohamed Diamé na Arouna Koné, au kwa sababu siku hiyo walikuwa wanakutana na timu ya mtu. Na waliweza kuaibika kwa kiwango cha ajabu. Novemba 2009 Tottenham waliwafunga 9–1, Jermain Defoe akipachika matano, na wachezaji wakaamua kuwarudishia mashabiki waliosafiri fedha za tiketi. Mei 2010 Chelsea wakawapa 8–0. Kocha wa mechi hizo zote mbili alikuwa Roberto Martínez, aliyerudi mwaka 2009 kwa wito wa Whelan. Mwenye klabu mwingine angemfukuza asubuhi iliyofuata. Whelan hakumfukuza, na kila msimu Wigan walikuwa wanazama hadi Machi na kuibuka Aprili, wakisalia Ligi Kuu kwa kucha.

Msimu wa 2012–13 kucha zilikatika, lakini kwa namna ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuiandika. Timu ilikuwa inashuka huku ikisonga mbele katika Kombe la FA. Tarehe 11 Mei 2013 ilifika fainali Wembley dhidi ya Manchester City ya Roberto Mancini, na Whelan, umri miaka 76, akapewa nafasi ya kuiongoza timu kuingia uwanjani, miaka 53 baada ya kutolewa humo akiwa amebebwa. Callum McManaman alimsumbua kila beki wa City siku hiyo. Dakika ya 84 Pablo Zabaleta alimwangusha na kuonyeshwa kadi ya pili ya njano. Dakika ya 91 Shaun Maloney alipiga kona, na mchezaji aliyeingia akitokea benchi, Ben Watson, akaupiga kichwa mpira ukazama wavuni. Wigan 1, City 0.

Ben Watson alikuwa amevunjika mguu Novemba iliyotangulia, katika mechi dhidi ya Liverpool, na alikuwa amerudi uwanjani muda mfupi tu kabla ya fainali. Mwaka 1960 asingekuwa na hata benchi la kukalia. Safari hii mguu uliovunjika haukuwa wa kutaniwa.

Siku mbili baadaye Mancini alifukuzwa City. Siku ya tatu, tarehe 14 Mei, Wigan walifungwa 4–1 nyumbani kwa Arsenal na kushuka daraja, timu ya kwanza katika historia kutwaa Kombe la FA na kushuka ndani ya msimu mmoja. Martínez akaenda Everton, na miaka iliyofuata akazifundisha timu za taifa za Ubelgiji na Ureno.

Kilichofuata si kizuri na hakifai kupambwa. Novemba 2014 Whelan alimwajiri kocha Malky Mackay, aliyekuwa akichunguzwa kwa ujumbe wa simu wenye maneno ya ubaguzi. Akimtetea kwa gazeti la The Guardian, Whelan naye akatamka kuhusu Wayahudi na Wachina maneno ambayo mtu wa umri na cheo chake hakupaswa hata kuyafikiria, achilia mbali kumwambia mwandishi. Wadhamini walijitoa. Aliomba radhi, akasisitiza kwamba yeye si mbaguzi, lakini Chama cha Soka kilimfungia wiki sita na kumtoza pauni 50,000. Machi 2015 alimwachia uenyekiti mjukuu wake, David Sharpe, kijana wa miaka 23, na Mei timu ikashuka tena hadi daraja la tatu.

Novemba 2018 familia iliuza klabu kwa kampuni ya Hong Kong, International Entertainment Corporation. Mauzo ya tatu. Safari hii kilichouzwa hakikuwa stoo ya bidhaa, kilikuwa mji, na mwenye kuuza hana njia ya kujua mnunuzi atachoka lini. Mapema kiangazi cha 2020, katikati ya janga la korona, klabu ilihamishiwa mikononi mwa mmiliki mwingine, na tarehe 1 Julai ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Ikapokwa pointi 12. Bila adhabu hiyo ingebaki daraja lake. Pamoja nayo ilishuka. Mashabiki wakachangishana ili taa zisizimwe.

Na mwezi uliofuata ikaja zamu ya kile ambacho Whelan hakukiuza. Mwaka 2009, JJB ilipokuwa inahangaika, alikuwa amerudi kununua kumbi zake za mazoezi na maduka yaliyopakana nazo kwa pauni milioni 83 na ushei, akaanzisha DW Sports, kwa herufi za jina lake, na uwanja nao ukabadilishwa jina kuwa DW Stadium. Kumbi za mazoezi zilikuwa biashara nzuri hadi serikali ilipoamuru zifungwe kwa ajili ya korona. Agosti 2020 DW Sports iliingia ufilisi, watu 1,700 wakiwa hatarini kupoteza ajira. Sehemu ya mali zake ilinunuliwa na Frasers Group, ambalo ni jina jipya la Sports Direct. Kwa mara ya pili katika miaka minane Mike Ashley aliokota mabaki ya biashara iliyoanzishwa na Whelan, na kwa mara ya pili aliyapata kwa bei poa.

Klabu ilinunuliwa mwaka 2021 na wawekezaji wenye asili ya Bahrain, ikapanda, ikachelewesha mishahara, ikapokwa pointi, ikashuka. Juni 2023 ilipatikana na Mike Danson, mzaliwa wa Wigan aliyetajirika kwa kukusanya na kuuza takwimu za biashara. Danson sasa anamiliki timu ya soka na ile ya raga kwa pamoja. Moja ya kazi za kwanza alizokuta mezani ilikuwa kulipa madeni ya mishahara ya wachezaji.